Kuku Mgonjwa Haendi Sokoni

Ndugu msomaji, pengine utashangaa kuona habari za kuku katika kitabu cha hospitali. Utasema, Je, mwuguzi huyu amekosa wagonjwa wa kutunza? La, sikuwakosa. Wagonjwa wenyewe ndio walionifundisha kwamba huwezi kusema habari za afya ya nyumba huku umemwacha nje kuku aliye uani.

Sikiliza jambo lililotokea. Mama mmoja wa Ndosho alimleta mtoto wake wa miaka miwili, mgonjwa wa kichomi. Tulimpa vidonge vya kuyeyusha katika maji, vya siku tano, tukamweleza: asubuhi na jioni, bila kuruka. Siku ya nne akarudi, na mtoto bado alikuwa akipumua upesi upesi, na mbavu zikiingia ndani. Nikaomba kuona vidonge vilivyobaki. Hakikubaki hata kimoja. Mama akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Munganga, nusu nilimpa kuku."

Nilimkemea, nami baadaye niliona haya. Maana nilipomwuliza sababu, alinipa hesabu ambayo mimi sikuwa nimeifanya. Kuku yule alikuwa mtaga mayai wake. Mayai mengine yaliuzwa kwa ajili ya karo ya mtoto mkubwa, na mengine yalichemshwa kwa ajili ya huyu huyu mgonjwa. Nyiragongo ulipolipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, alikimbilia Sake na mtoto mkubwa mgongoni, na mtetea mmoja chini ya mkono. Kitanda hakibebeki, na mbuzi hukushinda katikati ya watu wengi, lakini kuku hukimbia pamoja nawe. Kutoka kwa mtetea yule mmoja alianza tena. Na sisi hospitalini, tunapowaona watoto waliovimba miguu, ambao nywele zao zimekuwa nyekundu na nyepesi, twawaambia mama zao, Wapeni mayai! Yai moja lina kiasi cha gramu 6 za kile chakula kinachojenga mwili. Twasema kweli. Lakini juu ya yule anayeyataga hatusemi neno.

Mtoto tulimlaza, akapona. Jumamosi nikaenda Ndosho kumtazama mgonjwa wa pili.

Nilimkuta kuku amekaa pembeni, amejikunyata, hali chakula. Nikamgeuza, nikatazama nyayo zake. Chini ya mguu wa kushoto palikuwa na uvimbe mgumu, na katikati yake kigaga cheusi. Basi, ugonjwa ulikuwa huo tu! Ninyi mnaokaa Goma mnajua ardhi yetu ilivyo: ni mawe ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika. Kuku huruka kutoka ukutani, hujichoma, vijidudu huingia, mguu huoza ndani kwa ndani. Akiwa hawezi kutembea, wenzake humsukuma penye chakula, asipokula hunyong'onyea, nasi twadhani ana homa. Vile vidonge vya mtoto havikumsaidia kitu. Jipu la namna hii lina ganda gumu ambalo dawa ya kunywa hailipenyi kwa urahisi. Alihitaji maji ya vuguvugu yenye chumvi, na mtu wa kumtazama.

Hili ndilo neno langu kwa wote wanaofuga uani: mtazame kuku kabla hujamfanyia jambo lo lote. Nimeona kwetu njia tatu za haraka. Wa kwanza hukimbilia kisu. Wa pili hukimbilia kibanda cha dawa na kununua tetra, ile ya vidonge vya rangi mbili. Wa tatu humfunga miguu na kumpeleka sokoni kabla hajafa. Nitasema juu ya wote watatu, lakini huyo wa tatu ndiye anayenisumbua usingizi, na sababu yake utaisikia.

Kumtazama kuku huanza kwa mbali, kabla ya kumshika. Ndege huficha ugonjwa wake, kwa sababu akionekana dhaifu wenzake humdonoa na mwewe humchagua. Kwa hiyo siku unapomwona amejikunyata, huenda ameugua siku kadhaa tayari. Ufunguapo banda asubuhi, usiende zako. Simama kidogo, uone ni nani anayetoka wa mwisho. Nani haji penye mahindi? Nani anavuta pumzi akiwa ameacha mdomo wazi, na jua bado halijawaka? Baadaye jioni, giza likiingia, mchukue kwa upole. Wakati huo hapigani.

Mguse mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama ukingo wa kisu, bila nyama pande zote mbili, amekonda kwa muda mrefu, na hapo fikiri minyoo. Ligusegole, yaani kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Jioni huwa limejaa, asubuhi huwa tupu. Likiwa limejaa na gumu hata asubuhi, kuna kitu kimekwama: majani marefu, au kamba ya mfuko wa plastiki, ambayo mjini kwetu imetapakaa kila mahali. Tazama macho na pua. Fumbua manyoya chini ya mabawa na karibu na tundu la kutagia, utafute chawa na utitiri. Kilemba, kile kinyama chekundu cha kichwani, kikiwa cheupe, damu imepungua. Kikiwa cha rangi ya zambarau, hapati hewa ya kutosha. Mwisho, nyayo. Watu wengi husahau nyayo.

Wengi humshika kuku na kusema, "Ana homa, anawaka moto!" Ndugu, joto la kuku mzima ni kiasi cha digrii 41 mpaka 42. Mtu mwenye joto hilo tungemkimbiza kitandani. Kuku ndivyo alivyoumbwa, basi mkono wako hautakuambia kitu juu ya homa yake. Kinyesi ndicho kitakuambia zaidi. Kinyesi chema ni cha kahawia, kigumu kidogo, na juu yake pana weupe. Mara kwa mara hutoa kingine laini, cheusi, chenye harufu mbaya. Hicho nacho ni chema, usiogope. Kijani kibichi chembamba ni dalili mbaya. Damu, hasa kwa vifaranga wa majuma matatu mpaka sita, ni dalili ya ugonjwa wa matumbo unaopenda takataka zenye unyevu. Una dawa yake mwenyewe, amproliamu, ya kutia katika maji ya kunywa, nayo huombwa kwa mganga wa mifugo. Tena ondoa matandiko yaliyolowa siku ile ile.

Na wako kuku waliochinjwa wakiwa wazima kabisa! Mtetea anayetaka kuatamia hukaa kiotani siku nzima, hula kidogo, hunguruma ukimkaribia, na kilemba chake hupauka. Mwingine anabadili manyoya, anaonekana kama aliyepigwa, naye ameacha kutaga. Hao hawaumwi. Nilimwona mzee mmoja akimpa dawa ya minyoo mtetea aliyekuwa akitaka tu kulalia mayai yake.

Sasa habari za kumwuguza. Kwanza, mtenge. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa neno hili. Tulijifunza mwaka 2019, Ebola ilipofika mjini mwezi wa Julai na ndoo za kunawia zikasimama kila mlangoni. Sanduku la karatasi ngumu latosha, au kikapu kikubwa, mbali na wenzake, lisilopigwa na upepo. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,500, na usiku wake ni baridi. Ndege mgonjwa hutumia nguvu zake zote kutafuta joto. Mpe chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Lakini nakusihi: usiweke jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wala kwa ajili ya kuku wala kwa ajili yako mwenyewe. Hewa ya makaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Afadhali upoteze kuku mia.

Maji ni zaidi ya chakula. Kuku mzima hunywa kama robo lita kwa siku, na mwenye kuhara hupoteza zaidi. Yale maji tunayowafundisha akina mama kwa watoto wanaohara yanamfaa kwa siku moja au mbili: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chumvi. Chovya ncha ya mdomo wake, mwache ainue kichwa na kumeza mwenyewe. Usimwagie kooni! Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, na wengi wamemzamisha kuku wao wakidhani wanamponya. Chakula kiwe laini: bugali uliolainishwa, majani yaliyokatwa madogo sana, kidogo kidogo mara nyingi.

Kwa mguu kama ule wa Ndosho: vaa mfuko wa plastiki mkononi, kwa kuwa vijidudu vyake mara nyingi ni jamaa ya vile vinavyotia watu majipu. Loweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa robo saa, mpaka kigaga kilegee. Kiondoe, toa ule uchafu mgumu pasipo kulazimisha, paka iodini, funga kwa kitambaa safi, umlaze penye majani makavu. Rudia kila siku moja au mbili. Hapana haraka.

Mtetea anayesimama wima, anayejikamua, mkia ukipanda na kushuka, huenda yai limemkwama. Mkalishe katika beseni la maji ya vuguvugu nusu saa, paka mafuta kidogo kwenye tundu, mwache mahali pa giza na kimya. Usilivunje yai ndani yake. Na yule mwenye vigaga vyeusi juu ya kilemba na usoni ana ndui ya kuku, inayoenezwa na mbu. Huyu nampenda kumtaja, kwa sababu mara nyingi hupona baada ya majuma matatu au manne akipata mtu wa kumwuguza tu. Macho yakifumba kwa vigaga, hufa kwa njaa na kiu, wala si kwa ndui yenyewe. Osha macho yake, mwongoze kwenye maji, usibandue vigaga. Ila akiwa na utando wa manjano ndani ya mdomo, hali yake ni nzito zaidi.

Kuhusu tetra na vidonge vya watoto nitasema kwa ufupi. Dawa ya mtoto ni ya mtoto mpaka kidonge cha mwisho. Dawa hizo haziui ugonjwa wa virusi, na magonjwa mabaya ya kuku mengi ni ya namna hiyo. Tena dawa uliyompa kuku huweza kuingia katika mayai na nyama. Mtoto anayekula hupata kiasi kidogo kisichoponya, kinachowazoeza vijidudu kuishi. Siku ya kichomi, dawa itakapohitajika kwelikweli, haitafanya kazi. Mganga wa mifugo akikupa dawa, mwulize mayai yasiliwe siku ngapi, nawe uzihesabu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa usiouguzwa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huuita kideri au mdondo. Vitabu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Kuku mmoja huinama leo, kesho watatu. Huhara kijani, hukoroma, mabawa hulegea, na wengine hupinda shingo mpaka kichwa kinatazama nyuma. Katika kuku wasiochanjwa unaweza kuua tisa kati ya kumi, au wote. Hakuna dawa ya kuuponya. Atakayekuuzia dawa ya kuuponya anakuibia.

Ulinifikia nyumbani kwangu. Mwaka ule nilikuwa na kuku kumi na mmoja. Karibu na Noeli nilinunua jogoo sokoni, mzuri, mwenye manyoya ya kung'aa, nikamwingiza bandani jioni ile ile. Masoko ya sikukuu hukusanya kuku wa Rutshuru, wa Masisi, wa kisiwa cha Idjwi, wamefungwa miguu pamoja kichwa chini, wakipumuliana. Ugonjwa huweza kulala ndani ya ndege siku mbili mpaka kumi na tano kabla ya kuonekana, mara nyingi tano au sita. Siku ya sita jogoo alikuwa amekufa, na mitetea wawili walikuwa wakihara kijani. Jirani akaja, akatazama, akaniambia kwa wema, "Mwalimu, wauze waliosimama bado. Kesho hutapata hata franga moja."

Nami niliuza. Nilichukua wawili waliokuwa bado wanatembea vizuri, nikawauza njiani kwa mama anayefuga, mtu ninayeimba naye Jumapili. Sikumdanganya kwa mdomo. Hakuniuliza, nami sikusema. Wale tisa waliobaki walikufa wanane. Baada ya Mwaka Mpya nilipita kwake, nikaona mlango wa banda uko wazi na ndani hamna kitu. Alikuwa na kuku kumi na wanne. Alinisalimu kwa furaha, akanisimulia msiba wake, akaniuliza kama kwangu wamepona.

Nilimwambia siku ile ile, maana singeweza kuimba tena karibu naye. Baadaye nilimpelekea tembe wawili. Hesabu haikulingana, naye hakunidai zaidi.

Kwa hiyo nikisema kuku mgonjwa haendi sokoni, sisemi kama mtu aliye msafi. Wengine watanijibu, "Munganga, wewe una mshahara. Maskini afanye nini, aache mali yake ioze?" Swali hili ni la haki, nami silipuuzi. Lakini anayenunua kuku wa bei rahisi barabarani ni nani? Ni maskini mwingine, anayeanza upya kama yule mama wa Ndosho. Hasara haikupotea, umeihamisha tu, nayo huko iendako huzaa. Ugonjwa huu husafiri katika kinyesi, katika vikapu, katika mikono na viatu vyako pia. Hata usipouza, unaweza kuupeleka kwa jirani unapokwenda kumsaidia kumtazama wake.

Juu ya kisu: aliyevunjika mguu, au mwenye yai lililokwama lisilotoka, kama hakupewa dawa, unaweza kumchinja na kumla. Anayeugua ugonjwa usioujua, au aliyekufa mwenyewe, hapana. Utasema kuchemsha huua vijidudu. Ni kweli, huviua ndani ya sufuria. Lakini havikuanza ndani ya sufuria. Vilianza mikononi mwa binti anayenyonyoa manyoya, na juu ya kisu kile kile kitakachokata nyanya. Newcastle yenyewe huweza kumtia mtu macho mekundu kwa siku kadhaa, kisha hupoa. Lakini iko pia homa ya ndege. Mwaka 2017 ilionekana Ituri, ufuoni mwa Ziwa Albert. Wakifa wengi kwa ghafula, usishike kwa mikono mitupu, uite mganga wa mifugo.

Na mzoga? Vitabu vyote husema, chimba shimo refu. Waandishi wake hawajachimba Goma! Kwetu shimo la choo huvunjwa kwa mtaimbo, siku nyingi. Kama una choo cha shimo, mtupe humo. Kama huna, mchome kabisa pamoja na takataka kavu, majivu uyafunike kwa mawe. Usimtupe jalalani ambako mbwa watamburuta, wala ziwani ambamo watu huchota maji kwa bidoni.

Kinga iko, nayo ni ya bei ndogo: tone moja la chanjo katika jicho moja la kuku mzima. Ziko chanjo zinazotaka baridi siku zote, na iko nyingine iitwayo I-2, iliyotoka Australia na kutengenezwa hata Tanzania, ambayo huvumilia joto kuliko zile na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Mwulize mganga wa mifugo ni ipi aliyo nayo na aliitunza namna gani. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Na kuku mgeni, hata awe mzuri namna gani, akae peke yake majuma mawili kamili. Matatu ni bora.

Shida yetu si bei ya tone, ni chupa. Chupa moja huwa na matone ya kuku mia au zaidi, na ikifunguliwa sharti iishe siku ile. Mwenye kuku wanne hawezi kununua chupa peke yake. Maoni yangu ni kwamba kila kikundi cha akina mama, mahali po pote wanapokutana kuweka akiba yao, wanunue chupa pamoja na kuchagua siku moja, jioni, kuku wakiwa wamekwisha kuingia bandani. Sisi tumeanza hivyo na nyumba kumi na saba. Yule niliyemwuzia kuku ndiye anayeandika majina. Mama wa Ndosho alileta watano ndani ya kikapu, na mmoja wao huchechemea kidogo mguu wa kushoto.